Mama wa Kiswidi, mama wa Kichina

(Haya ni maongezi niliyotoa Jumamosi hapa Malmö kwenye kikao chetu cha Waswahili wa kusini mwa Uswidi. Watu kadhaa waliochelewa wameomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema, na maneno mliyodakia sikuyaandika.)

Haya jamani, shikamooni wakubwa zangu, na nyie wengine mambo vipi. Wale wa nyuma sogeeni mbele basi, maandazi hayakimbii. Mwenyekiti kanipa dakika 20 na mi najijua nikishika maiki, kwa hiyo mkiona nazidisha mtu agonge kijiko kwenye kikombe, sitakasirika.

Kabla sijaanza naomba wote tuseme neno moja. Semeni "barabara", hii ya magari. Enhe. Sasa semeni tena, lakini ile ya kazi imekwenda barabara, yaani sawasawa kabisa. Mmejisikia? Ya magari mnakaza pale karibu na mwisho, baraBAra, na ile nyingine mnakaza mapema, baRAbara. Herufi ni zile zile, ukiandika hamna tofauti, na hakuna hata mmoja wenu aliyekosea. Sasa wangapi mlikuwa mnajua mnafanya hivyo kabla sijawaambia? Mikono juu. Watatu... na mzee pale wa nne, alikuwa mwalimu huyo tusimhesabu. Hiyo barabara naomba muishike, nitaidai mwisho.

Mi Kichina nilikisoma nikiwa mtu mzima, tena kupitia Kiswidi, yaani kitabu cha Kiswidi, maelezo ya Kiswidi, darasa zima Waswidi. Darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi, tulikuwa watu 12, Waswidi 11 na mi peke yangu wa Tanga. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja wa Kichina, tulimwita laoshi kama wanafunzi wa huko wanavyoita mwalimu, mpole sana yule mama lakini kwenye toni hana msamaha, ukikosea anakuangalia tu kama vile hujasema kitu.

Kwa wale ambao hamjawahi kukutana nayo: Kichina cha Mandarin kila silabi ina sauti yake ya kupanda au kushuka, na hiyo sauti ni sehemu ya neno kama vile herufi. Ziko nne, na ya tano nyepesi isiyo na uzito. Ukisema "ma" juu na imenyooka kama honi ya meli ni mama. Ukiipandisha kama mtu anayeuliza "eeh?" ni katani, hapo mi mtu wa Tanga nilifurahi. Ukiishusha chini kabisa ni farasi. Ukiiangusha kwa kishindo kama unamkatalia mtoto ni kutukana. Mchina mmoja mtaalamu wa lugha, Yuen Ren Chao, mwaka 1930 alizipangia ngazi 5 kama za muziki, 1 ni chini kabisa na 5 ni juu kabisa, na mpaka leo wanaosoma wanazitumia: ya kwanza ni 55, ya pili 35, ya tatu 214, ya nne 51. Na usidhani ni mapambo, kwa sababu ukiondoa toni Mandarin ina silabi kama 400 tu, ukizirudisha zinafika zaidi ya 1,200. Kununua ni "mai" ya tatu, kuuza ni "mai" ya nne. Yaani biashara nzima ya dunia hii imekaa kwenye tofauti ya kushuka na kuwa chini.

Sasa mi nilivyoingia darasani siku ya kwanza nikawaangalia wale Waswidi nikajisemea hawa wataruka, mi nitabaki chini. Kwa nini? Kwa sababu Waswidi wana toni! Na nyie mnajua, mmeteseka nazo kama mi nilivyoteseka. "Anden" ni bata na "anden" ni roho, tofauti ni sauti tu. Mnakumbuka yule mzee wetu aliyesoma maandiko kanisani kwa Kiswidi, kwa sauti nzito ya heshima, akatangaza kwamba bata ametushukia? Kanisa zima walikuwa wanatazama viatu vyao. Na "tomten", mkisema kwa toni moja ni kiwanja cha kujengea, kwa nyingine ni yule babu wa Krismasi mwenye ndevu. Mi mwenyewe nilimwambia jirani kwa furaha kwamba rafiki zangu wamenunua tomten, akaniuliza kwa upole wamemnunua wapi. Maneno ya namna hii yanayofanana kila kitu isipokuwa toni yako kama 350 hivi kwenye Kiswidi. Wataalamu wanaita aksenti ya kwanza na aksenti ya pili.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa rahisi, mwenye toni mbili kuongeza mbili zingine si kazi, mi wa Kiswahili nisiye na hata moja ndo nitalia. Miezi mitatu baadaye tulikuwa tunalia wote, na wenzangu wale walikuwa wanalia kwa namna ya ajabu zaidi, kwa sababu mi nilikuwa nakosea nikijua nakosea, wao walikuwa wanakosea huku wana uhakika.

Hilo lilinisumbua sana. Nikaanza kufuatilia, nikawa nasoma, nikawa nawasikiliza wakati wa fika, yaani yale mapumziko ya kahawa ya Waswidi, zaidi kuliko nilivyokuwa namsikiliza laoshi, na nitawaambia nilichokiona.

Kwanza, toni ya Mswidi haikai mahali ambapo toni ya Mchina inakaa. Neno la Kiswidi lenye silabi moja halina uchaguzi, ni aksenti ya kwanza tu, basi. Ili aksenti ya pili itokee inabidi neno liwe na silabi mbili au zaidi, inahitaji nafasi ya kutembea. Ni kama mtu anayejua kuendesha lori barabara kuu, umempa baiskeli uchochoroni. Mchina anataka zile nne zote utamke ndani ya silabi moja fupi, na sikio la Mswidi halijawahi maisha yake yote kuulizwa swali la toni kwenye silabi moja. Halijui kama kuna swali.

Halafu kuna jambo la pili ambalo mi naona ndo lenyewe. Toni ya Kiswidi inafanya kazi gani? Zile jozi 350 ni za kuchekea tu, mara nyingi sentensi yenyewe inakuambia ni bata au ni roho, hata sisi wageni tunaokosea kila siku tunaeleweka. Na kuna Waswidi wa Finland, wanaongea Kiswidi tangu enzi na enzi, hawana hizo aksenti kabisa na hakuna anayekosa kuwaelewa. Sasa kama haitenganishi maneno inafanya nini? Watu wa chuo kikuu cha Lund, hapa hapa jirani, akina Merle Horne na Mikael Roll, wamepima ubongo wa Waswidi wakisikiliza maneno, na wameona ubongo unaitumia toni kubashiri mwisho wa neno. Chukua kofia. "Hatten", kofia ile, ni aksenti ya kwanza. "Hattar", kofia nyingi, ni aksenti ya pili. Shina ni lile lile, "hatt", lakini toni inaanza kwenye shina kabla mwisho haujafika, kwa hiyo Mswidi akisikia tu "hatt" ameshajua kinachokuja nyuma ni "en" au ni "ar". Toni kwake ni kama taa ya gari inayowaka kabla ya kukata kona. Haimwambii gari ni la nani, inamwambia linaelekea wapi. Mchina yeye anaitumia kukuambia hili ni gari au ni punda. Sauti zinafanana, kazi ni mbingu na ardhi.

Na la tatu nyie wa Malmö mnalijua bila kufundishwa. Mtu wa Stockholm akisema neno la aksenti ya pili sauti yake inapiga vilima viwili, inashuka kwenye silabi ya kwanza halafu inapanda tena kwenye ya pili, ndo maana watu wanasema Waswidi wanaimba. Hapa Skåne, mkoa wetu huu, hakuna vilima viwili, kuna kimoja kimoja, tofauti ni kwamba cha aksenti ya kwanza kinakuja mapema na cha aksenti ya pili kinachelewa. Yaani ukichora mistari ya watu wawili hawa, aksenti ya kwanza ya Malmö inaweza kufanana na mwanzo wa aksenti ya pili ya Stockholm, karibu zimegeuziana! Na wakikutana kwenye treni wanaelewana bila shida, wanachekana tu lafudhi. Sasa fikiria mtoto amekulia humo. Tangu utotoni sikio lake limejifunza kwamba umbo la sauti ni alama ya mtu katokea mkoa gani, siyo alama ya neno gani. Limejifunza kulipuuza. Halafu anakuja laoshi anamwambia acha kupuuza.

Mi nimetoka nyumbani ambapo sauti haitenganishi maneno, isipokuwa hiyo barabara yenu, kwa hiyo sikio langu lilikuwa tupu. Wao sikio lao limejaa. Na chombo kilichojaa ukimimina unamwaga.

Nitawapa mfano ambao ulinichekesha mpaka laoshi akanitoa nje nikanywe maji. Somo la kwanza kabisa, neno la kwanza kabisa, mama. Kichina ni "māma", ya kwanza juu na imenyooka, ya pili nyepesi inadondoka chini kidogo. Kiswidi ni "mamma". Herufi karibu ni zile zile, maana ni ile ile, Waswidi wote 11 wakatabasamu, hili la bure hili! Laoshi akasema māma. Wakajibu kwa pamoja, mamma, kwa aksenti ya pili, wale wa Stockholm sauti ikashuka ikapanda tena mwishoni, vilima viwili vimetulia. Laoshi akarudia. Wakarudia. Akarudia huku ananyoosha mkono hewani kama anapaka ukuta rangi. Wakarudia vile vile, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna hata mmoja aliyesikia kwamba amefanya kitu tofauti na alichosikia. Kwao "mamma" haina wimbo, ni "mamma" tu. Na neno jepesi kuliko yote likawa la mwisho kunyooka, kuna mmoja lilimchukua mpaka Pasaka. Kwa baba nako hivyo hivyo, maana "bàba" ya Kichina inaanguka halafu inabaki chini, "pappa" ya Kiswidi inakataa kubaki chini.

Kitu kingine kilichokuwa kinawadanganya ni kwamba sauti zingine za Kichina wanazo tayari, na sisi hatuna! Mi niliteseka na ile "x" ya Kichina kwenye neno la kusoma, "xué", wao wanayo nyumbani, ni ile "tj" ya "tjugo", ishirini. Ile "sh" nzito ya ulimi kukunjwa, mtu wa Stockholm anayo kwenye "kurs", zile "r" na "s" zikikutana. Mtu wa Skåne hiyo hana kwa sababu "r" yake inatoka kooni, kwa hiyo wenzetu wa huku walikuwa wanaibiwa hata hapo. Na irabu ya "nǚ", mwanamke, Mswidi anakupa "y" yake karibu sawasawa, mi ilibidi nisimame mbele ya kioo nimebana midomo kama napuliza mchele. Kwa hiyo unamsikia Mswidi anaongea Kichina, konsonanti safi, irabu safi, anasikika kama Mchina kasoro kwamba haeleweki anasema nini. Laoshi aliwahi kusema mi naongea vibaya lakini ananielewa. Nilichukua kama sifa.

Sasa toni yenyewe ngumu ni ipi? Kila mtu anakuambia ya tatu, na ni kweli, kuitenganisha ya pili na ya tatu ni shida ya karibu kila mgeni, ila mi naona vitabu navyo vinachangia. Vinaichora kama bonde, 214, inashuka halafu inapanda. Hiyo ni kweli ukiitamka peke yake au mwisho wa maneno. Katikati ya sentensi haipandi, inakaa tu chini, imelala. Wenzangu watu watiifu, kitabu kimechora bonde wataimba bonde, kila toni ya tatu wanazama wanaibuka, wanazama wanaibuka, sentensi ya maneno sita unahisi uko kwenye boti ya Pemba msimu wa kusi. Siku laoshi aliposema acheni kuibuka, ikae chini tu, nusu ya darasa wakapona pale pale. Na zikifuatana mbili za tatu, ya kwanza inageuka kuwa ya pili, ndo maana "nǐ hǎo", salamu ile mnayoijua wote, inasikika kama ya pili na ya tatu. Hilo Waswidi hawakupata nalo shida hata kidogo! Wamezoea sauti ya neno kubadilika kutokana na kinachofuata, si ndo lugha yao ilivyo.

Lakini kuna kosa moja ambalo ni la Waswidi hasa, na hili sikulielewa mpaka niliposoma kazi ya Gösta Bruce, alikuwa mtu wa Lund huyo pia, aliiandika mwaka 1977. Yule bwana ndo alitenganisha kwamba kwenye ule wimbo wa Stockholm, kilima cha kwanza cha aksenti ya pili ni cha neno, ila kilima cha pili ni cha sentensi, kinawekwa juu ya neno ambalo msemaji anataka lionekane. Neno lisipokuwa muhimu kilima cha pili hakiji. Umeona? Kwa hiyo Mswidi akitaka kusisitiza anaongeza mpando. Mchina akitaka kusisitiza haongezi kitu kipya, anakuza kile kile, ya juu inakuwa juu zaidi, ya kushuka inashuka kutoka mbali zaidi, na inarefuka.

Basi kuna jamaa mmoja darasani kwetu, fundi wa umeme, mtu wa Stockholm aliyeoa huku. Tunaigiza soko. Yeye muuzaji. Anataka kusema mi nauza, NAUZA, sinunui. Akaitamka "mài" ya nne vizuri kabisa, ikashuka, na kwa kuwa anasisitiza ulimi wa kwao ukamwongezea mpando mdogo pale mwisho. Imeshuka halafu imepanda. Hiyo ni nini? Hiyo ni ya tatu! Kanunua. Laoshi akamuuliza kwa hiyo unanunua? Akasema hapana, nauza, akasisitiza zaidi, mpando ukawa mkubwa zaidi. Kadiri alivyokuwa anakataa ndivyo alivyokuwa ananunua. Tulimaliza kipindi kanunua soko zima.

Nisogee kidogo pembeni, nikirudi nitamalizia. Kuna Mswidi mmoja kwenye historia ambaye jambo hili halikumshinda, Bernhard Karlgren, alizaliwa Jönköping mwaka 1889. Kabla hajagusa Kichina alikuwa kijana anayezunguka mkoa wa Småland anaandika lahaja za wakulima, sauti kwa sauti, kwa alfabeti maalumu ya lahaja ambayo Waswidi walikuwa wameitengeneza, ya profesa Lundell wa Uppsala. Mwaka 1910 akaenda China, akakaa mpaka 1912, na akaziandika lahaja za Kichina kwa njia ile ile aliyoandikia wazee wa Småland, kwa alfabeti ile ile. Kutokana na hizo akajenga upya matamshi ya Kichina cha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na kazi yake ilikuwa na uzito kiasi kwamba Wachina wenyewe waliitafsiri, na mmoja wa waliotafsiri ni yule yule Chao wa ngazi tano. Baadaye alikuwa profesa Göteborg, hata mkuu wa chuo. Na mwanafunzi wake Göran Malmqvist naye akaenda Sichuan mwaka 1948 kufuata lahaja, akarudi, akaja kukaa kwenye ile Akademi inayotoa Nobeli ya fasihi. Naye mtu wa Jönköping! Sijui wana maji gani kule.

Ninachotaka kusema juu ya Karlgren ni hiki: alianza na nyumbani. Sikio lake lilishajifunza kuusikia wimbo wa Kiswidi kama kitu, kitu cha kuandikwa kwenye daftari, kabla hajausikia wa Kichina. Wale 11 wa kwetu hakuna aliyewahi kuusikia wimbo wake mwenyewe. Huwezi kuvua shati usilojua umelivaa.

Na hapa ndo mgeni njoo mwenyeji apone. Siku moja kwenye fika, yule fundi umeme amekata tamaa, anasema mi sina sikio la muziki basi, Kichina si changu, naacha. Mi nikamwambia hebu sema "tomten", ya kiwanja. Akasema. Sema ya Krismasi. Akasema. Nikamwambia umeona, umebadilisha toni. Akasema sijabadilisha, ni neno lile lile, mnaelewa tu kutokana na maneno mengine. Nikamwambia kaka, mi hiyo tofauti nimeililia mwaka mzima, nimenunua babu wa Krismasi kwa ajili yake, usiniambie haipo! Wenzake wakaanza kubishana, mmoja anasema ipo, mwingine haipo, mama mmoja wa Skåne anasema ipo lakini nyie wa Stockholm mnaikosea. Ikabidi nitoe laptop.

Kuna programu inaitwa Praat, ya bure, wameitengeneza Waholanzi wawili pale Amsterdam, unarekodi sauti inakuchorea mstari wa kupanda na kushuka. Nikamrekodi "mamma" yake. Vilima viwili, wazi kabisa, kama ngamia. Nikamchezea "māma" ya laoshi kutoka kwenye rekodi ya kitabu, mstari umenyooka juu halafu unadondoka. Akaangalia. Akanyamaza. Kahawa ikapoa. Akasema "mamma" tena, polepole, safari hii anajisikiliza, nikaona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyesikia sauti yake kwenye redio. Kisha akasema māma. Na ilikuwa māma. Laoshi alikuwa mlangoni na kikombe chake, hakusema kitu, alinyoosha tu mkono hewani kama vile anapaka rangi.

Baada ya hapo darasa lile lilibadilika na nitawaambia vilivyosaidia, kwa haraka maana naona mtu ameshika kijiko. Tuliacha kuimba ma-ma-ma-ma silabi moja moja. Mi naamini kabisa kwa Mswidi hiyo ni kumwanzishia mahali pagumu kuliko pote, kwa sababu wimbo wake unaishi kwenye silabi mbili. Tukaanza na maneno ya silabi mbili, toni nne za mbele mara tano za nyuma, jozi 20, na kwa kuwa ile tatu-na-tatu inasikika kama mbili-na-tatu zinabaki 19 za kusikika. Kila jozi ina neno lake moja la kukumbukia, na unauimba wimbo wa neno zima, kwanza kwa kuguna mdomo umefungwa, halafu ndo unatia herufi. Wale watu wakaanza kwenda! Kumbe walikuwa na uwezo wa kubeba umbo la silabi mbili kama kitu kimoja, kwa sababu ndo wanachofanya kila siku tangu wamezaliwa.

Na kusikiliza, kusikiliza sauti za watu wengi, siyo ya laoshi peke yake. Kuna utafiti wa mwaka 1999 wa Yue Wang na wenzake, waliwachukua Wamarekani wanaosoma Kichina wakawapa vipindi 8 ndani ya wiki 2, kazi ni kusikiliza tu maneno yaliyosemwa na watu tofauti tofauti na kusema ni toni gani. Uwezo wao wa kutambua ulipanda kwa pointi 21 za asilimia, na walipopimwa miezi 6 baadaye ulikuwa bado upo. Baadaye wakaangalia na matamshi, yakawa yamepanda pia, na hakuna aliyewafundisha kutamka. Sikio limevuta mdomo. Sisi tulifanya toleo la kimaskini, laoshi aliomba ndugu na marafiki zake wamtumie sauti kwenye simu, wazee, watoto, shangazi mmoja mwenye mafua, tukawa tunasikiliza kwenye basi.

Haya, mzee pale ana swali. ... Anauliza sisi Waswahili je, tuna nafuu? Shikamoo mzee. Inategemea nyumbani mnaongea nini. Kiswahili chenyewe hakina toni, na hilo ni ajabu kidogo kwa sababu ndugu zake wengi wa Kibantu wanazo. Wahaya mpo humu? Warundi? Wanyarwanda? Nyie mnazo. Wakongomani mnaoongea Lingala, "kokoma" ni kuandika au ni kufika, inategemea sauti, siyo? Basi nyie mmezaliwa mnazo ndani ya neno kama Wachina, ila mkumbuke mna yale yale ya fundi umeme, mnazo bila kuziona, na kwenye maandishi hamziweki. Mi wa Tanga sina cha kuvua wala cha kuvaa.

Kijiko kimegonga, nimesikia. Laptop iko pale kwenye meza ya chai na Praat imeshafunguliwa, ila maiki yake ni mbovu kidogo inabidi usogee karibu. Anayetaka kuiona barabara yake aje, ya magari na ile nyingine, tuanze na wale watatu walionyoosha mkono. Mwalimu wewe subiri.